Msasa wa Chumba cha Mama

Jirani yangu hapigi pasi nguo tu. Anapiga pasi mashuka, mapazia, taulo, na siku moja nilimkuta anapiga pasi kitambaa cha kufutia vyombo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Pasi, na mwenyewe anaitika. Kazi yake ni fundi cherehani. Gauni akilishona, unaweza kuligeuza nje ndani ukaenda nalo harusini na watu wakakusifu, maana mishono ya ndani anaimaliza vizuri kuliko wengine wanavyomaliza ya nje. Mteja akimwambia, "Huko ndani nani atapaona?" anajibu, "Mimi nimepaona." Tunaishi ukuta mmoja, yeye upande ule na mimi upande huu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Niliyasikia, niliyavuta puani kwa njia ya vumbi, na mwisho wake nilikuwepo nikaona.

Mama yake Pasi alipiga deki maofisini tangu ujana, tena kwa magoti, kwa sababu alisema fagio la mpini mrefu linaacha uchafu pembeni. Magoti yalimlipa kwa kugoma. Nyonga zikafuata, kisha ukaja ugonjwa wa sukari ukamalizia. Sasa hatembei, lakini usithubutu kumwambia hatembei. Anakaa chini, anaweka viganja ubavuni, anajikaza, anajisogeza. Anaweka tena, anajisogeza tena. Kwa mwendo huo anafika jikoni, anafika uani, anafika msalani, na ole wako umnyanyue bila kuombwa. Alinunuliwa kiti cha magurudumu, kizuri kabisa. Alikitumia kuanikia nguo.

Alikuwa anaishi kwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Pasi, kwenye nyumba nzuri yenye vigae kuanzia mlangoni hadi bafuni, na mwanamke wa kumhudumia aliyelipwa mshahara. Huyo kaka si mtu mbaya, nasema mapema ili usianze kumchukia bure. Lakini kila mama alipopigiwa simu, neno lake lilikuwa moja. "Vigae vya hapa vina baridi, mwanangu. Lini unanichukua?" Pasi akikata simu anabaki ameishika mkononi, na mimi najua hapo chai yangu itapoa kwa sababu kuna kilio kinakuja.

Sasa kazi ikamhamisha kaka. Alihamishiwa mbali, mbali kwa maana kwamba ukiitwa msibani unafika watu wameshaanua tanga. Mama angekwenda naye. Pasi akaomba abaki kwake, kaka akakubali wajaribu, na jaribio likawa balaa. Pasi ana vyumba viwili tu anavyovitumia: cha mbele ndicho chenye cherehani na meza ya kukatia, cha nyuma ndicho anacholala. Cha tatu, kidogo, kilikuwa stoo, na sakafu yake ni ya mbao za zamani zilizochakaa na kupasuka. Wakatoa mizigo, wakaweka kitanda, mama akaingia na kuanza safari zake. Kibanzi kikamchoma kiganjani, kingine pajani. Akanyamaza. Mama huyo akichomwa hasemi, akiumwa hasemi, na akianguka anakwambia alikuwa anatafuta kitu chini. Walipogundua, mkono ulikuwa umevimba, na kwa mgonjwa wa sukari kidonda si mchezo. Akalazwa.

Kaka alikuja hospitali na kiatu kimoja hakijafungwa kamba. "Mdogo wangu," alimwambia Pasi nje ya wodi, "nakupenda, lakini mama si kitambaa cha kujaribia mkasi."

"Nitakitengeneza chumba."

"Akitoka hapa anarudi kwangu, na Jumamosi ya safari nitapita naye hapo kwako. Pakiwa salama, atabaki. Pasipokuwa salama, usinililie, nitaondoka naye."

Jioni hiyo Pasi alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, hakutaka chai. Nikamwambia aweke zulia. Akasema walishajaribu, linajikunja chini ya mama na kumwangusha. Nikamwambia amwage saruji. Akasema fundi wa saruji yuko kwenye kazi ya watu hadi mwisho wa mwezi, na mbao zikiondolewa kuna shimo huko chini ambalo hakuna anayejua kina chake. Nikanyamaza, kwa sababu ushauri ukikataliwa mara mbili unakuwa kelele.

"Wakimpeleka kule sitamwona tena," akasema. "Utakuja kunisindikiza siku ya kuzika, basi." Alikuwa analia bila kujifuta. "Shoga yangu, maji yamenifika shingoni. Nisaidie kuchagua mashine ya msasa."

Mimi na mashine wapi na wapi? Lakini nilikwenda.

Duka la vifaa vya ujenzi lina muuzaji kijana anayeitwa Injinia, kwa sababu ya kalamu anayoiweka juu ya sikio, si kwa sababu nyingine yoyote. Akamuuliza Pasi anataka mashine ya kufanyia nini.

"Kila kitu," Pasi akasema. "Sakafu, mlango, fremu ya dirisha, miguu ya kitanda, na pembe za kabati."

"Kila kitu hakina mashine, mama. Kila kitu kina fundi."

"Fundi ni mimi."

Injinia akamtazama, akaona hatanii, akapanga mashine mezani. Ya kwanza ilikuwa ya mkanda, nzito, ambayo msasa wake unazunguka kama mkanda wa cherehani ya miguu. Akasema hiyo ndiyo ya sakafu hasa, ina nguvu, inakula mbao. Akaichomeka, akampa Pasi ajaribu kwenye ubao. Mashine ikaruka ikamvuta kama mbuzi aliyeona majani, ikampeleka hadi karibu na makopo ya rangi, na mimi nyuma nimemshika blauzi. Ilipozimwa tukaangalia ubao. Palikuwa na mfereji.

"Ukituliza mkono sehemu moja inachimba," Injinia akasema, tena kwa fahari.

"Nataka kulainisha," Pasi akasema, "sitaki kulima."

Akaonyeshwa nyingine ya mraba, nyepesi, inayotikisika tu. Nzuri kwa kumalizia, akasema Injinia, lakini sakafu nayo utaimaliza uzeeni. Ikaja ndogo ya pembetatu, ya kuingia kwenye kona, ambayo peke yake haifiki popote. Mwisho akatoa ya duara. Hiyo inazunguka huku inatikisika, kwa hiyo haiachi michirizi. Ina mfuko wa kukusanya vumbi. Ina kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi. Msasa wake unabandika na kubandua bila skrubu, na ilikuja na kichwa cha pembetatu cha kubadilisha kwa ajili ya kona.

"Ukitaka moja ya kazi nyingi, ndiyo hii," akasema. "Lakini sikufichi, mama. Kwa chumba kizima utatoa jasho."

Nikamkumbusha Pasi kwamba mtaka yote hukosa yote. Hakunijibu. Aliiinua ya duara, akaigeuza, akaibana kwapani, akaishika kwa mkono mmoja, akairudia ya mkanda, akarudi tena. Watu wa nyuma yetu walianza kukohoa. "Mchagua jembe si mkulima," nikamwambia, "chukua moja twende."

Basi akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya kwenye duka la vifaa. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha satini, mabaki ya gauni la bibi harusi, akamwambia Injinia apige msasa ubao. Injinia akapiga kwa msasa mkali. Pasi akaiburuta satini juu yake, ikanasa nyuzi. Akamwambia abandike msasa laini. Satini ikapita kidogo, ikanasa tena. Wakabandika laini zaidi. Satini ikateleza kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kushikwa na kitu, na Pasi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Nataka chumba kizima kiwe hivi."

"Sakafu si meza, mama," Injinia akasema. "Namba ndogo ndiyo kali. Anza na arobaini, nenda themanini, ishia mia na ishirini. Hapo panatosha."

Pasi akatia pamba masikioni. Ya namba kali akachukua michache, ya laini kabisa akachukua fungu. Mtu anayemaliza mishono ya ndani ya gauni utamwambia nini kuhusu kuishia njiani?

Kesho yake kazi ikaanza. Kwanza aligongelea misumari yote, maana vichwa vya misumari vinachana msasa, na alijifunza hilo baada ya kuharibu duara la kwanza ndani ya pumzi moja. Kisha akapiga magoti akawasha mashine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini huyu aliinama wiki nzima. Sauti ya mashine ilipita ukutani ikaingia kwenye meno yangu. Mfuko wa vumbi ulikusanya kadiri ulivyoweza, na kilichobaki kilitafuta nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba. Nilitoka na shuka mkononi kwenda kumtukana. Nilikuta mlango wazi, na yeye ameketi katikati ya chumba, kitambaa kimefungwa puani, nywele nyeupe kama amezeeka ghafla. Mbele yake palikuwa na kipande cheupe kilicholainika, kama upana wa mkeka. Pande zote nyingine zilikuwa kama zamani.

"Tangu asubuhi," akasema. "Tangu asubuhi, angalia."

Nikarudi na shuka langu.

Mikono ilimfa ganzi. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano ya cherehani ikawa uzi huku na tundu kule, mikono inatetemeka hata mashine ikiwa imezimwa. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake akakuta halijatiwa mikono. Alipiga kelele, na ana haki yake, akaondoka na gauni likiwa nusu kwenda kumtafutia fundi mwingine. Pasi alimtazama akienda, hakumkimbilia. Nilimwambia ajiangalie, atapoteza wateja wote. "Wateja watazaliwa wengine," akasema, akarudi kwenye magoti.

Siku hizo zilikuwa mbaya. Mashine ya duara ilikuwa kama Injinia alivyosema, inafanya kila kitu, lakini pole pole. Mbao zilikuwa ngumu na za zamani, rangi iliyomwagika miaka na miaka iliyeyuka kwa joto la msasa na kuuziba. Mashine ikipata moto anaizima, anakaa nayo mapajani kusubiri ipoe, huku anaitazama sakafu iliyobaki. Niliingia mara moja nikamkuta anaongea na mbao. Anaziomba. Nikasema huyu atapata wazimu, na nikaenda kumwita mtu wa kumsaidia, lakini hakukubali mtu mwingine aishike. "Akiruka sehemu moja tu," akasema, "kibanzi kimoja tu, mama ataniondokea."

Simu ya mama ikaja, akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yake haikuweza kuishika sikioni.

"Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Usijiue. Mimi nipo. Ni baridi tu ya hivi vigae."

Kisha kidogo kidogo sakafu ikaanza kutii. Ukali wa arobaini ulimalizika, wa themanini ukapita, wa mia na ishirini ukapita. Akabadilisha kichwa akaingia kwenye kona kwa pembetatu. Pale ambapo Injinia alisema panatosha, Pasi alikuwa ndiyo kwanza amepata moto. Akatoa fungu lake la laini. Akapita tena chumba kizima, akakipangusa, akapita na satini, na pale iliponasa akarudia. Siku ya kuamkia Jumamosi akapaka vanishi ya kung'aa. Ilipokauka juu juu akapaka mkono wa pili, na wa tatu. Kopo lilisema iachwe siku kadhaa ikomae. Siku hizo hakuwa nazo.

Aliniita nione. Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dirisha lote lilikuwa limelala sakafuni, fremu zake na anga yake. Kitanda kilikuwa na shuka lililopigwa pasi, bila shaka. Alijitupa chini mwenyewe akatelezesha satini yake kutoka mlangoni. Ilikwenda hadi ukutani.

"Hakuna hata kimoja," akasema. "Hata kimoja, shoga." Nikamkumbatia. Alinuka vanishi na jasho, na mifupa ya mabega ilikuwa imetoka.

Jumamosi gari la kaka lilifika na mizigo juu ya paa. Lori la vyombo lilikuwa limetangulia. Mama alikuwa kiti cha mbele, amevaa nguo ya kutokea.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au vumbi la huyu limekumaliza?"

Kaka akaingia kwanza peke yake. Alichuchumaa akapitisha kiganja kwenye mbao, taratibu, kila upande, mpaka chini ya kitanda. Alipapasa fremu ya mlango. Alipapasa miguu ya kitanda. Pasi alisimama amejikumbatia, ananiangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Kaka akainuka.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa umeweza. Sikutegemea." Akamshika bega. "Mama abaki."

Pasi akatoa sauti ambayo si kicheko wala kilio. Kaka akatoka, akamwomba mama ruhusa, akambeba, akamweka chini ndani ya chumba, hatua chache kutoka mlangoni, kama mama anavyotaka mwenyewe: niweke chini, kisha niache. Sisi tukasimama mlangoni kumtazama anavyokikagua chumba chake.

Mama akatazama kitanda, akatazama dirisha. Akaweka viganja ubavuni, akajikaza. Mikono ikateleza pande zote mbili, ikamwacha hapo hapo. Akaifuta kwenye nguo, akaweka tena, akakandamiza kwa nguvu zaidi. Mkono mmoja ulikimbia mbele, na akaegemea kiwiko ili asilale chini. Akakaa sawa. Akavuta nguo yake vizuri juu ya miguu, kisha akatugeukia akitabasamu.

"Pazuri sana," akasema. "Ni baridi kidogo tu."

Nilimwona Pasi akiipata ile sentensi. Kwa kaka kulikuwa na vigae, na mama alisema ni baridi. Hapa palikuwa na mbao, jua lilikuwa linaingia dirishani, na mama alisema ni baridi. Kumbe miezi yote ile hakuwa anasikia baridi. Alikuwa anawekwa mahali asubuhi na anakutwa hapo hapo jioni, kwa sababu viganja vyake havikupata pa kushika, na badala ya kusema nimeshindwa, alisema baridi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliyaficha hata kwa binti yake. Na binti alikesha kumtengenezea vigae vingine vya mbao.

"Mama," kaka akasema, "mbona husogei?"

"Nimekaa. Napumzika."

"Hawezi," Pasi akasema. "Hawezi kusogea. Na kwako alikuwa anasogea?"

"Tulidhani amechoka," kaka akasema. "Tulisema umri." Akamwangalia mama yake kwa muda. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, "Lakini kwangu yupo wa kumbeba. Hapa una cherehani, una wateja. Nani atambeba? Ni bora twende naye."

Mama alitazama mikono yake iliyokaa mapajani. Mtu aliyeshika sakafu za watu maisha yake yote, sasa sakafu inamkatalia.

Pasi akakimbia chumba cha mbele akarudi na mashine. Alitafuta msasa mkali, akapata mmoja uliochakaa na vipande vya mingine, akaubandika, akachomeka waya, akapiga magoti karibu na mama yake akawasha. Kaka akapiga kelele kwamba mama yuko hapo, vumbi, azime. Hakusikia. Vanishi ilikuwa haijakomaa. Mashine iliipasha moto, ikaifanya ute, ikaukusanya kwenye msasa, na msasa ulioziba ukaanza kuing'arisha sakafu upya. Kadiri alivyokandamiza ndivyo ilivyozidi kung'aa. Akakandamiza kwa uzito wake wote. Alikuwa anasema, "Subiri, mama, subiri, subiri," na machozi yanadondokea kwenye mashine ya umeme, mpaka mimi nikaenda kuuvuta ule waya ukutani.

Pasi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Nimemwondoa mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu."

"Toa kelele zako hapo," mama akasema. "Nani ameondoka? Lete hiyo karatasi."

Pasi akainua uso.

"Karatasi, ile ya kukwaruza. Hiyo ya kwenye mashine imekufa, tafuta nyingine. Tena kavu."

Nikaokota kimoja cha vile vipande vya msasa mkali, nikampa. Mama akakikunja, akakipapasa kwa kidole gumba, akainama. Alianza kukwaruza kwa mkono, pole pole, bila kukandamiza sana, kwa hiyo vanishi haikuyeyuka. Ilitoka unga mweupe. Alikwaruza upande wa kulia, mahali pa kutosha kiganja. Akahamia kushoto, akafanya vivyo hivyo. Akapuliza. Kisha akaweka viganja vyake kwenye yale madoa mawili, akajikaza.

Vikashika. Akajisogeza mbele.

Hakututazama. Akakwaruza tena mbele yake, kulia, kushoto, akapuliza, akaweka, akajisogeza. Alikuwa anahema. Kaka akapiga hatua kwenda kumsaidia, nikamshika mkono wa shati. Pasi alitambaa akaenda kukaa upande wa pili, akachukua kipande kingine, akauliza, "Hapa, mama?" Mama akasema, "Si hapo. Mkono wangu haufiki huko. Hapa." Akamwonyesha. Pasi akaanza kukwaruza hapo, kwa ile mikono inayotetemeka, na sakafu aliyojiua wiki nzima kuifanya kioo akaiharibu madoa madoa, kama alivyoelekezwa. Hayakuwa yamenyooka. Mengine yalikuwa makubwa, mengine madogo. Sijawahi kumwona akiacha kazi ikiwa hivyo.

Walifika dirishani. Mama akashika fremu, akatazama nje uani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa kamba yangu ya nguo.

Kaka alitoka. Nilidhani amekwenda kuwasha gari. Alirudi na begi la mama na mfuko wa dawa, akaingia navyo ndani bila kuvua viatu, akakanyaga pale palipobaki panang'aa. Miguu ikamkimbia. Akadaka kitanda kwa mkono mmoja, begi likaenda ukutani.

Mama akageuka kumtazama.

"Umeona?" akasema. "Na wewe una miguu miwili."

Pasi alicheka huku analia. Kaka naye alikaa pale kitandani juu ya shuka lililopigwa pasi, akafunika uso kwa viganja. Mama alimwacha. Kisha akamwambia aweke dawa mahali anapoweza kuzifikia mwenyewe, chini, siyo juu ya kabati, na aanze safari kabla giza halijamkuta njiani.